Breki za Kasimiri

Tabora haikujua breki. Nchi yote ni tambarare, kuanzia stesheni mpaka Kitete, na kuanzia Kitete mpaka utakapochoka mwenyewe. Mtu akitaka kusimamisha baiskeli huacha kupiga pedali. Akiwa na haraka ya kusimama huburuza kisigino, viatu vikaisha na maisha yakaendelea. Kwa hiyo katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, baiskeli mpya ikiteremshwa tu kutoka kwenye treni, fundi wa kwanza kuipokea aling'oa vyuma vya breki, ili ipungue uzito na magunia ya karanga yapate nafasi. Hakuna aliyeona ubaya wake, maana hakuna aliyekuwa na mlima wa kuteremka.

Mzee Twalibu alikuwa na habari nyingine. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa mjini na wa swala tano, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti. Watu waliomuuliza aliwaambia ni mapenzi ya Mungu, na hilo hakusema uongo. Ila binti yake Batuli, aliyelelewa kwenye harufu ya solusheni na grisi tangu mama yake afariki, aliijua hadithi nzima. Ujanani Mzee Twalibu alifanya kazi Mpwapwa, na siku moja yeye na mwenzake waliteremka milima ya Usagara kuelekea Kilosa kwa baiskeli za Kitabora, zisizo na breki. Twalibu aliokotwa na mguu uliovunjika. Mwenzake aliokotwa vipande.

Sasa fikiria hali ya Batuli Jumamosi ile, alipoingia kwenye banda la baba yake na birika la chai, akaona breki zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Vyuma vyake vilikuwa vya kijani kibichi. Mji mzima ulikuwa na baiskeli moja tu ya rangi ile, nayo ilikuwa imeondoka mchana baada ya adhuhuri, na aliyekuwa juu yake ni mwanamume pekee ambaye Batuli alikuwa tayari kumfuata popote duniani.

Aliliweka birika chini taratibu.

Kasimiri alikuwa seremala, mtoto wa Lusu upande wa Nzega, Mkatoliki wa ubatizo na wa kwaya. Miaka miwili nyuma alikuja bandani kuziba pancha, akamkuta Batuli uani anaijaribu baiskeli ya mteja, buibui kalipandisha mpaka magotini, anazunguka kisima huku anacheka peke yake. Alipomwona mgeni alishuka akakimbilia ndani. Kasimiri alisahau kilichomleta. Tangu siku ile tairi zake zilipata pancha mara nyingi kuliko tairi za mtu yeyote Tabora, hata Mzee Twalibu akaanza kuguna. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hawa wawili walikohoa mpaka majirani wakasikia.

Alipoleta posa na pete ya fedha hakukataliwa. Ingekuwa afadhali angekataliwa. Mzee Twalibu alimkaribisha kahawa, akamwambia kwa upole kwamba zamani kijana wa Kinyamwezi hakupewa mke mpaka awe ameiona bahari kwa mzigo wake begani, na kwamba yeye Twalibu ni mtu wa zamani. Basi aende pwani arudi, waje wazungumze. Alidhani amemfunga mdomo. Lakini ulikuwa mwaka wa Azimio, vijana wa nchi nzima walikuwa barabarani kuliunga mkono, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli, na pale Tabora kulikuwa na kundi linalojiandaa kuifuata njia ya misafara ya zamani: Itigi, kisha Ugogo, kisha juu ya milima ya Usagara, kisha chini mpaka Bagamoyo. Kasimiri aliandikisha jina lake siku hiyohiyo, na kama wenzake wote akafunga breki kwa ajili ya ile milima, akazipaka rangi ya baiskeli yake. Akasema tena kwamba akirudi atasilimu. Mama yake kule Lusu, Apolinaria, alipoletewa habari alivua rozari akailaza juu ya kitanda cha mwanawe, kama wafanyavyo kwa maiti.

Batuli aliyawaza yote hayo akiwa amesimama mlangoni. Baba yake alikuwa ameinamia gurudumu, anakaza spoki.

"Baba, hizi si za Kasimiri?"

"Ni zake."

"Amezisahau?"

"Nimezitoa mimi, jana." Hakuinua macho. "Abebe mzigo wa nini? Hapa sote tunatoa."

"Hapa hakuna mlima, baba."

Spana ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Mzee Twalibu alisema kijana ametaka mtihani naye amempa mtihani. Kama Mungu amemwandikia kuwa mkwe wa nyumba ile, atamfikisha chini salama. Yeye Twalibu alifikishwa.

"Na mwenzako?"

Hapo ndipo alipomtazama. Batuli aliyajua macho ya baba yake ya hasira na ya uchovu, lakini haya hakuwahi kuyaona. Yalikuwa macho ya mtu aliyekwisha kufanya hesabu yake na kulala.

"Anasilimu kwa ajili ya kanga zako," alisema. "Zikichakaa atarudi kwao, na watoto wako atawapeleka wakabatizwe. Mimi sikukuzaa kwa ajili hiyo. Sijamgusa mtu. Nimetoa breki, kama wanavyotoa mafundi wote."

"Ataona wenzake wanazo. Atazifunga nyingine njiani."

"Hatazifunga. Ameniapia kwamba ile baiskeli itafika baharini kama mkono wangu ulivyoiacha. Kijana mwenye adabu yule. Hilo simnyimi."

Batuli alimimina chai, akaiweka karibu na baba yake kama kila siku, na yule mzee akashukuru. Alipokuwa akitoka alizitungua breki msumarini kimyakimya, akaokota na spana.

Shangazi yake Swaumu, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, ndiye aliyemwona anatoka na breki zimeviringishwa ndani ya kanga. Hakuhitaji kuelezwa mengi. Alimshika mkono akamwambia kwamba msafiri haitwi nyuma, ni nuksi. Kwamba bibi yao mzaa babu alimkimbilia mumewe njiani kumpa kibuyu cha maji, na huyo mume mpaka leo kaburi lake halijulikani lilipo. Watu wa nyumba ile walikuwa na hadithi ya kila jambo.

"Hawajafika njiani, shangazi. Leo wanalala Itetemia."

Hilo nalo lilikuwa la wazee. Misafara ya zamani ilipoondoka mjini haikwenda mbali siku ya kwanza. Ililala pembeni tu, mahali ambapo moshi wa nyumbani unaonekana bado, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua na mwenye moyo mdogo arudi kabisa bila aibu. Vijana wa baiskeli walitaka kufuata kila kitu cha babu zao, kwa hiyo walikuwa wamepiga kambi Itetemia, viungani mwa mji, wangojee alfajiri.

Swaumu aliuachia mkono wake. Kisha akamfungia buibui kiunoni kwa kipande cha kitambaa lisije likaingia kwenye cheni, akageuza uso upande wa pili, ili akiulizwa aseme hakuona.

Batuli alichukua baiskeli ya mteja iliyoegemezwa ukutani. Miaka yote alikuwa mpanda baiskeli wa uani, wa kuzunguka kisima. Barabara ya mji hakuwahi kuikanyaga kwa magurudumu. Alipopita sokoni wanaume waliacha kuongea. Mama mmoja alimwita kwa jina la baba yake, mwingine akasema ya dunia ni mengi, na kijana mmoja alipiga mluzi. Siku nyingine angekufa kwa haya. Siku ile aliwaona wote kama watu wa ndotoni. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, mapori yanachomwa kila upande, na moshi ulikuwa umelifunika jua mpaka likawa jekundu na dogo, linaloweza kutazamwa bila kupepesa macho. Majivu membamba yalimwangukia mabegani njia nzima.

Aliwakuta kwenye kiwanja kando ya barabara. Baiskeli zilikuwa zimelazwa kwa safu, bendera imesimikwa, na kiongozi wao, Lugembe, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuchekesha, alikuwa akigawa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Lugembe alimwona wa kwanza. Alitaka kufanya utani, akasema kumbe msafara umepata mpishi. Halafu akaiona sura yake, akanyamaza, akaenda kumwita Kasimiri mwenyewe.

Kasimiri alikuja anapangusa mikono kwenye kaptura. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya safari, na kichwa kile kilichonyolewa kilimfanya aonekane mdogo, mwenye shingo nyembamba ambayo Batuli hakuwahi kuigundua. Walitazamana. Katika miaka miwili hawakuwahi kusimama karibu hivyo bila mtu wa tatu kuwachunga, na sasa walipopata nafasi hakuna aliyejua afanye nini nayo. Batuli alitamani kuigusa ile shingo. Moyo ulimwambia, na alichukia kwamba ulimwambia, kwamba anamwona mtu kwa mara ya mwisho.

"Nani amefariki?" aliuliza Kasimiri.

"Hakuna. Bado." Alifungua kanga. "Zifunge. Spana hii hapa."

Kasimiri alizitazama breki, asinyooshe mkono. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayembembeleza mtoto. Alisema baba amezitoa kwa mkono wake, na yeye Kasimiri ameapa, na alijua ameapa nini. Mzee mwenyewe alimweleza habari za mlima: kwamba aliuteremka ujanani bila breki akafika, na kwamba Kasimiri naye akiuteremka hivyohivyo atakuwa mwanawe, si mkwe tu.

"Alikueleza ya mguu wake?"

"Alinieleza. Mguu ni mguu, Batuli. Nitachechemea kama yeye, tutafanana, watu watajua kweli ni baba na mwana."

"Alikueleza ya mwenzake?"

Kasimiri alitikisa kichwa. Batuli alimwambia basi. Aliitoa siri ya baba yake pale barabarani, neno kwa neno kama alivyoisikia utotoni: mteremko unaopinda na kupinda, mwenzake wa mbele anayepiga kelele kwamba kisigino kimeungua, halafu kelele zinakatika, na Twalibu anapita mahali pale asiweze kusimama. Alimwambia pia kwamba baba yake alikuwa anajua yote hayo alipoishika spana jana.

Kasimiri alikuwa amekaa chini kwenye nyasi. Rangi ilikuwa imemtoka. Kwa kitambo Batuli alidhani ameshinda.

"Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Kasimiri mwishowe.

"Na wewe utavunjika kwa kulisikia."

"Huenda." Aling'oa unyasi akauzungusha vidoleni. "Lakini nitazame mimi nilivyo. Mama yangu amekwisha kunizika. Kwenu mimi ni kafiri, sina ndugu, sina wa kunisemea. Nina kitu kimoja tu cha kumpa baba yako, neno langu. Nikizifunga hizo, nitarudi mzima, nitasimama barazani kwenu, ataniuliza mbele ya watu, baiskeli imefikaje? Nitasema nini? Nimwambie yeye ni muuaji? Au niseme uongo siku ya kukuoa?"

"Useme lolote. Uwe hai tu."

"Kwetu mkwe habishiwi. Akikwambia chemsha jiwe, unatia kuni. Nami nimeapa kwa msalaba, Batuli, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado nao. Maadamu yule ni mkwe wangu, neno lake nalibeba mpaka baharini."

Alilisema kwa upole, bila kiburi, na ndiyo maana lilimtisha. Mwenye kiburi anaweza kutiwa aibu akabadilika. Huyu alikuwa amempenda mpaka amekuwa mtiifu kwa mtu anayetaka afe, na kila alichokipenda Batuli kwake, ule ukweli wake, ule usikivu wake, ndicho kilichokuwa kinamsukuma kwenye ule mteremko. Alilia mbele yake bila kujifunika. Kasimiri alimshika vidole, na vile vidole vya seremala vilikuwa vya moto, vigumu, vimejaa alama za tupa. Alimwomba asimlilie, kwa sababu machozi ya njiani nayo ni mzigo.

Batuli alizitazama zile alama. Akayarudia maneno yake moyoni: maadamu yule ni mkwe wangu. Akayarudia tena. Alipofahamu yalikokuwa yanampeleka alitamani asingekuwa mwepesi wa kufahamu.

Aliutoa mkono wake. Akafuta uso kwa kanga.

"Kaka Lugembe," aliita. "Naomba uje uwe shahidi."

Lugembe alikuja, michembe bado mkononi. Batuli alianza kuivua pete ya fedha ambayo Kasimiri alimletea kwa kishika uchumba. Ilikuwa imekaza, alikuwa amenenepa kidogo tangu apendwe. Aliitia mate, akaizungusha, ikatoka na ngozi.

"Mimi Batuli binti Twalibu nimeikataa posa ya Kasimiri," alisema. "Simtaki. Pete yake hii. Kuanzia sasa baba yangu si mkwe wake, na hana amri juu yake wala juu ya baiskeli yake. Umesikia, kaka?"

Lugembe alimtazama Kasimiri, akamtazama Batuli, akaitikia kwa sauti ndogo kwamba amesikia. Utani wote ulikuwa umemwisha.

Kasimiri alisimama. "Batuli, usifanye mchezo na jambo hili."

"Sichezi."

"Unaniacha ili nizifunge. Halafu nikirudi..."

"Nikikupa ahadi ya ukirudi, bado nitakuwa mchumba wako, na kiapo chako bado kitakuwa kiapo. Unajijua wewe kuliko mimi ninavyokujua. Utakaa juu ya mlima unajiuliza." Sauti ilimkatika akaiokota. "Sina ahadi. Baba akiniozesha, nitaolewa. Ukirudi, pitia Lusu, kamwondolee mama yako rozari kitandani. Usipite kwetu."

Alimwekea pete kwenye kiganja, akavikunja vidole vyake juu yake. Kisha akaokota spana kwenye nyasi akampa nayo.

Kasimiri alikaa muda mrefu hajui mkono upi ufanye nini. Wenzake walikuwa wameacha kula. Mwishowe aliitia pete mfukoni, akaenda kwenye ile baiskeli ya kijani, akaipindua juu chini, akaanza kazi. Alifunga breki ya nyuma, akafunga ya mbele, akakaza nati moja moja, na hakuna mtu aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkaribia. Alilizungusha gurudumu, akavuta breki. Liligoma papo hapo. Alilizungusha tena, akavuta tena, likagoma, na aliendelea hivyo hata ilipokuwa wazi kwamba hajaribu breki tena bali hawezi kugeuka.

Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu.

"Zinashika," alisema. "Nitafika chini, Batuli. Umenifikisha. Ila huko chini hukuniambia nifuate nini."

Batuli alipanda baiskeli ya mteja akaondoka, na kwa kuwa shangazi alimwambia msafiri haitwi nyuma, alijiambia kwamba na yeye asigeuke nyuma, na hakugeuka.

Alifika nyumbani adhana ya magharibi inaadhiniwa. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Mzee Twalibu alikuwa barazani anatawadha, kopo mkononi, ule mguu uliopinda ameunyoosha mbele. Msumari wa bandani alikwisha kuuona mtupu. Alimtazama binti yake kuanzia kichwani, majivu mabegani, buibui lililofungwa kiunoni, na macho yakamshukia kwenye kidole chenye mchubuko, kisicho na pete.

Batuli alimsimulia kwa maneno machache. Kwamba Kasimiri amezifunga breki. Kwamba ilibidi kwanza amwache.

Mzee alitua kopo. Alihema pumzi ndefu, na Batuli akaona kitu ambacho hatakisahau: baba yake alikuwa amefurahi. Alikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyeondolewa dhambi na kupewa alichokitaka kwa wakati mmoja. Machozi yalimlenga.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kijana mzima, na wewe mzima. Umefanya jambo la maana, mwanangu. Kumbe nilizaa mtu mwenye akili."

Alinyoosha mkono ili amshike kichwa ambariki. Batuli alirudi nyuma hatua moja, mkono ule ukabaki hewani. Akampita, akaingia chumbani kwake, akatia komeo. Kule nje shangazi Swaumu alisikika akiuliza kuna nini, na Mzee Twalibu akimjibu kwamba hakuna kitu, mtoto amechoka, atazoea.

Kisha alimwita. Alimwita kwa jina lake zima, kwa ile sauti ya upole aliyokuwa akimbembelezea tangu mama yake afariki. Alingoja kidogo, akaita tena, mara hii akiwa karibu na mlango.

Batuli alikuwa amekaa kitandani, anamsikia vizuri. Tangu ajue kusema hakuwahi kuitwa na baba yake asiitike. Jioni ile hakuitika.